Nani Anakunoleaka?

Mimi ni mwanamke wa wivu. Naanza na hilo ili mtu asiniambie mwishoni kama nilimficha. Wengine wanazaliwa na mwanya, wengine na alama shingoni. Mimi nilizaliwa na wivu, na mama yangu aliuona mapema, maana sikuwa nalala mpaka nihakikishe kama ndizi ya dada yangu haizidi yangu. Kuzeeka hakukunitibu, musidanganyike. Lakini kuna kitu kimoja nilikifanya kule Masisi, miaka ile ya kwanza ya uhuru, nikiwa bibi-arusi wa mwaka mmoja na nusu na mtoto mgongoni, na mpaka leo nikikikumbuka naona haya peke yangu jikoni. Kilikuwa juu ya kisu. Kisu cha kukatia mashu tu, kabichi kama munavyoita wengine.

Kwetu milimani mwanaume njo alikuwa ananoa kisu cha bibi yake. Panga na jembe kila mtu alijinolea, lakini kisu cha jiko kilikuwa kazi ya bwana, Jumamosi jioni, ili Jumapili wageni wakitokea wakute nyumba iko tayari. Mwanamke asiye na mtu alipeleka chake sokoni kwa fundi wa chuma, na yule fundi alikuwa anakipitisha juu juu, siku mbili kisu kimekuwa butu tena. Kumwomba bwana wa mwenzako akunolee, hapana, haikufanywa. Hakuna sheria iliyokataza, ila ilikuwa sawa na kumwomba akusugue mgongo. Na wasichana walipotaniana kisimani, hawakuulizana kama una mchumba. Waliulizana, "Nani anakunoleaka?" Basi ni kicheko mpaka vibuyu vinamwagika.

Mimi nilikuwa na jibu. Bwana yangu alikuwa amefanya kazi Walikale, kule msituni, kwenye kambi ya watu wanaochimba mawe meusi yale mazito ambayo wazungu walikuwa wanayapeleka kwao. Alirudi na vitu viwili: homa iliyokuwa inamtembelea kila mvua, na jiwe la kunolea alilolitoa mto Lowa, la rangi ya majivu, refu kama kiganja na vidole vyake. Tena alikuwa wa kushoto. Shuleni walimchapa fimbo juu ya mkono huo mpaka akajifunza kuandika na wa kuume, kula na wa kuume, kusalimu na wa kuume. Lakini akikaa peke yake na kazi inayompendeza, wa kushoto ulirudi wenyewe. Akinoa, kisu kilikuwa kushoto.

Hapo njo kuna jambo, na nitalieleza polepole kwa sababu mwanzoni hata mimi sikulielewa. Watu wengine wakinoa wanakula chuma cha kisu kwa ubavu wa kuume. Ubavu wa kushoto wanaupangusa tu. Mtu wa kushoto anafanya kinyume, na kisu chake kinainama kinyume. Ukikata shu nacho hakiendi chini moja kwa moja. Kinakimbilia kwenye kidole gumba chako. Juma langu la kwanza la ndoa nilijikata mara mbili. Nililia, na mama mkwe wangu akanicheka. "Kisu ya mutoto wangu inaendaka kando," alisema. "Utaizoea, kama vile mie nilimuzoea mwenyewe."

Nikaizoea. Miezi mitatu ikapita, mkono wangu ukakataa kisu kingine chochote. Na wanawake waliokuja kuazima changu walikirudisha na damu kwenye kidole: "Mama, hii kisu yako iko na shetani!" Nilikuwa nawafunga kidole na kitambaa, nasema pole, na moyoni nafurahi sana. Kilima chote hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye kisu kama hicho. Nilikuwa nimetoka kwa baba yangu, ng'ambo ya mto, na mkeka mmoja na sufuria mbili. Nyumba ilikuwa ya ukoo wao, shamba la maharagi lilikuwa la ukoo wao, hata mtoto walisema ni wao. Kitu pekee kilichokuwa changu peke yangu kilikuwa ile Jumamosi jioni: bwana yangu amekaa mlangoni, maji kidogo juu ya jiwe, kisu changu kwenye mkono wake wa kushoto.

Sasa, juu ya kilima, njia ya kwenda malishoni, alikaa mwanamke mmoja mjane. Watu walimwita Mama wa maziwa, na mimi nitamwita vile vile. Alikuwa wa familia za watu wa ng'ombe, na ng'ombe wake wawili na ndama mmoja. Bwana yake alifanya kazi Walikale pamoja na wangu, walikuwa marafiki, alikufa kabla sijaolewa. Nilijua hivyo tu. Bwana yangu si mtu wa maneno. Ukimuuliza habari ya Walikale alisema, "Kule iko mvua," basi, habari imeisha. Jumapili moja kwa mbili alikuwa anapanda kule juu kumtengenezea lupango, ua la miti la ng'ombe, na anarudi na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mtoto wetu.

Mtu mwema angeshukuru. Mimi nilikuwa nayapima yale maziwa na macho. Mwanamke mwenyewe alikuwa na shingo ndefu, meno meupe, na sauti ya chini ambayo inalazimisha wanaume wainame ili wasikie. Angekuwa mbaya wa sura, ningemhurumia vizuri zaidi.

Ikaja arusi ya mtoto wa katekista wetu. Wanawake kama kumi tulikaa nyuma ya kanisa, chini ya paa la nyasi, rundo la mashu mbele yetu na mbuzi wawili wamekwisha kuchunwa. Mama wa maziwa alikaa kunielekea. Alitoa kisu chake ndani ya kitambaa, akaweka jani la ndizi juu ya magoti, akakata mashu juu ya jani hilo, polepole, kama mtu anakata keki ya misheni. Mmoja akamrushia mguu wa mbuzi akate kwenye kiungo. Akakataa. "Hapana, hii haigusake mufupa." Wakatafuta kisu kingine.

"Umemuona?" nilimwambia jirani yangu. "Kisu yake iko malkia."

Baadaye walimwita kwenda kupima maziwa, akaacha kisu juu ya jani. Changu kilikuwa kimekwenda kwenye nyama na mtu mwingine. Kazi ilikuwa inaningoja, nikanyoosha mkono, nikachukua chake.

Nilikata shu la kwanza, nikakata la pili. Katikati ya la tatu mkono wangu ulisimama. Ulikuwa umestarehe! Na kisu cha mtu mwingine siku zote tulipigana, mimi navuta huku chenyewe kinavuta kule, na hiki kilikuwa kinapita pale pale ninapotaka, kama changu. Nikakigeuza kwenye mwanga. Ubavu wa kuume ulikuwa mzima vile ulivyotoka kwa mhunzi. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeliwa vizuri, mteremko mwembamba unang'aa toka mpini mpaka ncha.

Mama yangu! Damu ilinichemka mpaka masikio. Wanawake wanacheka, watoto wanaimba, mimi nasikia sauti moja tu kichwani: nani anakunoleaka, Mama wa maziwa? Nani anakunoleaka?

Akarudi, akakiona mkononi mwangu, na uso wake ukabadilika. Alinyoosha kiganja. "Dada, nipatie." Hakutania, hakusema pole kwa kazi. Alikipangusa ubavu huu na ubavu ule, akakifunga. Nikasema moyoni, ahaa, amejua kama nimejua.

Tangu siku ile nikawa askari katika nyumba yangu mwenyewe. Jumamosi bwana yangu alipokaa na jiwe lake, nilikaa mbele yake, mikono mitupu, natazama tu.

"Unaangalia nini?" aliniuliza.

"Naangalia mukono."

"Iko na nini?"

"Nauliza kama inachokaka."

"Juu ya kisu moja? Itachoka namna gani?"

"Moja," nikasema.

"Eeh, moja." Akacheka, akaongeza maji juu ya jiwe. Kicheko chake kiliniunguza kuliko kofi.

Ningemuuliza waziwazi, ni kweli. Lakini nikimuuliza na akikubali, ningefanya nini? Ningefunga mkeka wangu nirudi kwa baba, watu wanichungulie njiani? Na akikataa, ningemwamini? Wivu haukubali jibu lolote, njo ubaya wake. Kwa hiyo nilimpikia maharagi yasiyoiva. Aliyatafuna yote, akasema aksanti, nikachukia zaidi. Jumapili alipoleta maziwa, niliyamwaga kwenye shina la mgomba, nikamwambia yameharibika. Mtoto akalia njaa mgongoni mwangu, na mimi nikalia pamoja naye, lakini alipoyaleta mara nyingine niliyamwaga tena.

Usiku nilihesabu safari zake za kule juu. Nilihesabu miti ya lupango: mbona inaoza upesi hivyo, ni miti gani hiyo ya kuoza kila baada ya majuma mawili? Nikajiona mjanja. Nilikuwa mjinga, lakini mjinga mwenye hesabu zilizokamilika.

Mvua ya maharagi ikaisha, ikaja sikukuu ya kipaimara. Askofu alikuwa anakuja, na wanawake tukakusanyika tena nyuma ya kanisa na sufuria kubwa. Vikapu vyetu tuliviweka pamoja kwenye ukuta. Gari la askofu lilipolia chini ya kilima, wote waliruka kwenda kumpokea kwa nyimbo na matawi. Mimi nilisema mtoto ana joto, nitabaki naangalia moto.

Nilikuwa nimekwisha kulipanga, nisidanganye. Nilitia mkono ndani ya kikapu chake, nikatoa kisu, nikashuka nacho kwenye kijito nyuma ya mikaratusi. Nilikifungua. Kitambaa kilikuwa kipande cha shati la mwanaume, la buluu, tundu la kifungo bado linaonekana, na ndani yake kimepakwa siagi ili kutu isiingie. "Tena na shati yake!" nilisema kwa sauti. Bwana yangu hakuwa na shati la buluu. Hakuwahi kuwa nalo. Alikuwa na mashati mawili na yote nilikuwa nayafua mimi. Lakini mtu wa wivu hahesabu mashati yanayomkataa.

Pale kijitoni kulikuwa na jiwe jeusi lenye matundu matundu, lile ambalo tulisugulia miguu. Nikasimamisha kisu juu yake, makali chini, nikasugua. Sikuwa nanoa, nilikuwa naua. Nilisukuma mbele na mkono wa kuume, kwa nguvu, vile ninavyosugua sufuria iliyoungua, mara kumi, mara ishirini, kililia mpaka meno yakaniuma. Nilipogusa na kidole, makali yalikuwa mapana kama mgongo wa kisu. Nikakipaka tena siagi, nikakifunga, nikakirudisha kikapuni, nikakaa kwenye moto. Wimbo wa kumpokea askofu ulikuwa bado haujaisha.

Mama wa maziwa alirudi na jasho la kuimba, akaweka jani lake, akatoa kisu. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho. Shu la kwanza halikukatika, lilipondeka. Akajaribu tena. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akakaa hivyo muda mrefu. Alikifunga ndani ya kile kitambaa, akakiweka kifuani chini ya kikwembe alichojifunga, na siku nzima alikata na kisu cha kuazima. Mimi siku ile nilikula vizuri. Nilirudia nyama mara mbili.

Jumamosi iliyofuata jioni, bwana yangu yuko mlangoni na jiwe lake, tukamuona anashuka njia ya malishoni. Nikasema, leo njo leo. Mjinga gani anamfuata bwana wa mtu mpaka mlangoni kwake, mbele ya bibi yake! Nilimtolea kiti kidogo, nikakiweka mbali na bwana yangu, mbali kweli. Hakukitazama. Alikaa chini kwenye majani, akatoa kisu kifuani.

"Shemeji," alisema, "angalia. Imekufa."

Bwana yangu alikipokea. Aliweka changu pembeni, akaliondoa jiwe kwenye magoti yake, kama vile mtu anavyovua kofia. Alipitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, toka mpini mpaka ncha. "Nani alifanya hivi?"

"Sijue. Nilikuta vile, siku ya askofu."

Hapo nikashindwa kujizuia. Wiki nyingi nilikuwa nimemeza maneno, yakammwagikia bwana yangu yote kwa mara moja. "Si umunolee tu, Papa? Unaogopa nini, juu niko hapa? Si weye njo unamunoleaka?"

Wote wawili walinigeukia. Nilitegemea kuona haya kwenye macho yao. Sikuona chochote, waliniangalia tu vile unavyomwangalia mtu anayeongea na homa.

"Huyu?" alisema Mama wa maziwa. "Huyu hajagusa hii kisu ata siku moja, mbele ya leo."

"Iko ya kushoto," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua.

"Bwana yangu njo alikuwa wa kushoto, dada. Yeye njo alimufundisha huyu wako kunoa, kule Walikale. Wawili tu kwa kambi yote walikuwa wa kushoto, watu walikuwa wanawachekaka." Aliongea kwa ile sauti yake ya chini, na safari hii mimi njo niliinama ili nisikie. "Siku walimuleta nyumbani alikuwa amekwisha nguvu. Alikaa juma moja. Siku moja akaniomba jiwe. Nikamukamata mugongo ili akae, akanoa hii kisu, kidogo anapumuzika, kidogo ananoa, tangu asubuhi mupaka saa sita. Akasema, mie sitaki uende kwa fundi wa soko. Utumie siku za feti, za sikukuu tu, kwa mashu, kwa nyanya, isipite kwa mufupa, itakaa. Imekaa miaka tatu. Watu wanakula arusi, wanakula ubatizo, mie najua ni yeye anawakatia."

Bwana yangu alikuwa bado anakigeuza kile kisu. "Mama, naweza kuinoa," alisema. "Mukono ni ya yeye, alinipatia."

"Najua. Itakata. Lakini itakuwa ya kwako." Alinyoosha kiganja, kama siku ile ya arusi. "Nilileta tu uione, juu weye ulimujua."

Kabla ya kumrudishia, bwana yangu alikiinua mara moja tena kwenye mwanga wa jua la jioni. Mikwaruzo ilionekana vizuri, yote imelala upande mmoja, upande wa mtu anayesukuma na mkono wa kuume. Aliifuata na ukucha wake. Kisha macho yake yakashuka, hayakuja kwenye uso wangu, yakaja kwenye mkono wangu, na yakabaki pale. Nikauficha chini ya kikwembe. Alimpa mwanamke kisu chake, akamsindikiza mpaka kwenye njia kuu.

Aliporudi alilichukua jiwe, akalipangusa, akalipandisha juu, kwenye miti ya paa.

"Mukono yako niliijua," alisema. "Sufuria zote za hii nyumba ziko na ile alama."

"Papa, nilizania..."

"Ule mutu tulimubeba na kipoyi juu ya mabega toka Walikale, siku ine. Mvua. Njia yote ananiambia, bibi yangu, bibi yangu." Sikuwa nimemsikia hata siku moja akisema maneno mengi hivyo. "Yale maziwa, njo alimuagiza bibi yake kabla hajakufa. Akasema huyu rafiki yangu akizaa, mutoto wake atakunywa kwangu. Sitakupiga. Sitakurudisha kwenu. Lakini kisu yako sitainoa tena mupaka upande kule weye mwenyewe, na kinywa yako."

Nilifikiri ningeweza kungoja. Mwanaume mwenye njaa atasahau, nilijiambia. Jumamosi ya kwanza ikapita, jiwe liko juu ya paa. Jumamosi ya pili ikapita, na bwana yangu hakupanda tena kule juu kuleta maziwa. Kisu changu kikaanza kuchoka, viazi vikawa vinapasuka badala ya kukatika, na kisimani msichana mmoja aliona mashu yangu yaliyopondeka akanitania, "Eh, Mama, nani anakunoleaka siku hizi?" Wote wakacheka. Nilijaza kibuyu changu nusu, nikaondoka.

Juma la tatu nikaamua kwenda sokoni kwa fundi wa chuma, kama mtu asiye na bwana. Nilitia kisu kikapuni, nikaweka na maharagi kidogo juu yake, nikamfunga mtoto mgongoni. Lakini njia ya soko na njia ya malishoni zinaachana kwenye mikaratusi, na pale miguu yangu ilikataa soko. Nikapanda. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ombe wake niliwasikia kabla sijawaona.

Alikuwa anakamua. Hakusimama.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliua kisu yako."

"Najua," alisema. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya chombo. "Siku ulisema 'umunolee tu', nilijua. Juu ya nini?"

"Wivu."

"Wivu ya nini? Ya mie?" Hapo njo aliacha kukamua, akanitazama. "Mie niko na mufu kwa nyumba, na weye unaniletea wivu ya mutu iko hai? Aka! Ungeniuliza."

"Ningeuliza namna gani?"

"Na kinywa! Kama hii unasema nayo sasa." Alikuwa na hasira, na sauti yake ilikuwa imepanda, mara ya kwanza kuisikia hivyo. Nilishukuru. Ningekufa kama angesema pole pole. Niliweka maharagi chini, nikapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, nikaomba radhi.

Alinitazama, akatazama kikapu. Mpini ulikuwa unaonekana.

"Iko ya kwako? Bado iko na mukono ya bwana yako ndani?"

"Kidogo. Alinoa mbele ya... mbele ya siku ile. Hajanoa tena."

"Acha hapa," alisema.

Nilimsikia vizuri, lakini nilifanya kama sijamsikia.

"Acha hapa, na uende."

Eh, ndugu zangu! Nilikuwa nimepiga magoti naomba radhi, na ule wivu ulinirudia wote kwa mara moja, mzima, na meno yake. Mkono wa bwana yangu ulale kwa nyumba ya huyu? Akate nacho nini? Ampe nani? Nilikishika mpini kwa mikono miwili. Ningeweza kukimbia nacho, mtoto mgongoni, mpaka chini ya kilima, na Mungu ananiona. Yeye alikaa kwenye kigoda chake, anangoja, hakunyoosha hata kiganja. Mwishowe nilikiweka juu ya jiwe la mlangoni, nikashuka bila kuaga, na njia nzima sikuiona njia.

Usiku ule sikufumba jicho. Nilimuona anakatia mifupa nacho. Nilimuona anachongea kuni nacho, anawapa wachungaji wakatie kamba, anakisugua ukutani kwa makusudi. Bwana yangu aliniuliza, "Umeenda?" Nikasema nimeenda. Akageuka akalala, amani imemrudia, na mimi nilimchukia kwa ule usingizi wake. Ndege wa kwanza aliimba nikiwa nimekwisha kujifunga kikwembe.

Nilimkuta amekaa mlangoni, pale pale. Kisu changu kilikuwa juu ya magoti yake, kimefungwa ndani ya kile kitambaa cha buluu.

"Ulilala?" aliniuliza.

"Sikulala."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata habari aliyoitegemea. Akaninyooshea kisu. Nilikifungua kwa haraka, sikuona aibu, nikapitisha kidole gumba: mteremko wa kushoto ulikuwa pale, hakuna kilichoguswa. Nikaanza kukunja kitambaa ili nimrudishie.

"Kamata na kitambaa," alisema. "Mie sina tena cha kufunga."

Kisha aliniuliza kama nimekuja na kibuyu, maana mtoto alikuwa hajapata maziwa yake juma la tatu sasa. Nikasema sikuja nacho. Akaingia ndani, akanipatia chake.